Pikapu, Kuku na Nyufa za Sheria: Historia Fupi ya Kuvimba kwa Gari la Mkulima wa Marekani

Mswahili anayehamia Marekani, awe ametoka Mombasa, Unguja au Bukavu, huzoea haraka mambo mengi ya ugenini: baridi, vyakula, hata matamshi. Jambo moja huchukua muda zaidi kulizoea, nalo ni ukubwa wa pikapu. Katika maegesho ya maduka ya Houston, Columbus au Louisville, gari hilo husimama likiwa limechomoza pua au mkia nje ya mistari. Boneti yake humfikia mtu mzima kifuani, na aliye ndani ya gari dogo nyuma yake haoni taa za njia panda. Ajabu zaidi ni kwamba gari lenyewe, aghalabu, halikubeba kitu.

Jibu jepesi linalotolewa ni kwamba Wamarekani hupenda vitu vikubwa. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini halitoshi. Wamarekani haohao walinunua pikapu ndogo za Kijapani kwa wingi katika miaka ya 1970 na 1980, na mwaka 2021, walipoletewa tena pikapu ndogo, waliigombania. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ukubwa tunaouona leo ni zao la nyufa za sheria. Sheria za ushuru, za mafuta na za kodi ziliacha misamaha kwa nia ya kumlinda mkulima na fundi. Misamaha hiyo haikuzibwa kwa takriban miaka 60, hadi gari lililosamehewa likawa si la mkulima wala fundi tena.

Chombo cha kazi

Kabla viwanda havijaunda pikapu, wakulima wa Marekani walijiundia wenyewe. Walichukua gari la abiria, wakakata sehemu ya nyuma, wakapigilia sanduku la mbao. Mwaka 1925 kampuni ya Ford ilianza kuuza gari la aina hiyo likiwa limekamilika kiwandani: Model T yenye bodi ya mizigo nyuma, injini ya nguvu za farasi 20, na bei ya dola 281. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1948, ikafuata familia ya F-Series, ambayo mdogo wake, F-1, ndiye babu wa F-150 ya leo.

Pikapu za enzi hizo zilikuwa na kiti kimoja kirefu cha watu watatu, sakafu ya mpira, na bodi ndefu. Bodi ya futi 8, yaani karibu mita 2.4, haikuchaguliwa ovyo: ndio urefu wa ubao wa plaiwudi unaouzwa madukani Marekani, na seremala aliweza kuulaza ndani na kufunga mlango wa nyuma. Ukuta wa bodi ulikuwa chini kiasi kwamba mtu aliyesimama ardhini aliweza kunyoosha mkono na kuchukua nyundo. Kila kipimo kilitokana na kazi.

Tabia ya kulifanya gari hilo litumike kwa lolote haikuwa ya Marekani peke yake. Nchini Kenya, Peugeot 404 za mizigo zilipewa paa na mabenchi zikawa matatu; jijini Dar es Salaam, pikapu zilizobeba abiria waliotazamana zilipewa jina la chai maharage. Msomaji aliyekulia Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa thamani ya gari dogo linalobeba kikubwa. Tofauti ilianza pale Marekani ilipoliwekea gari hilo sheria zake peke yake.

Vita vya kuku

Ufa wa kwanza ulitokana na kuku. Mwishoni mwa miaka ya 1950, ufugaji wa kiwandani uliwawezesha Wamarekani kupeleka Ulaya kuku wa bei nafuu kwa wingi, na wafugaji wa Ujerumani Magharibi na Ufaransa wakalalamika. Mwaka 1962 Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya ilipandisha ushuru wa kuku, na soko la Wamarekani likaporomoka. Mazungumzo hayakuzaa matunda. Tarehe 4 Desemba 1963, chini ya wiki mbili baada ya kuuawa kwa Kennedy, Rais Lyndon Johnson alitia saini tangazo la kulipiza kisasi: ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa nne, yaani wanga wa viazi, dekstrini, brandi na magari mepesi ya mizigo.

Mlengwa wa ushuru wa magari alikuwa Volkswagen, ambaye matoleo ya mizigo ya basi lake dogo yalikuwa yameanza kupata wateja Marekani. Wanahistoria wamehusisha pia uamuzi huo na shinikizo la chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, UAW, kilichoongozwa na Walter Reuther. Mgogoro wa kuku ulikwisha, na ushuru wa zile bidhaa nyingine ukaondolewa baadaye. Ule wa magari ya mizigo ulibaki. Wakati ushuru wa magari ya abiria ulishuka hadi asilimia 2.5 na kukaa hapo kwa miongo mingi, pikapu kutoka ng'ambo iliendelea kutozwa mara kumi ya kiwango hicho.

Njia za kuukwepa zilikuwa nyingi, na baadhi zinachekesha. Katika miaka ya 1970, pikapu ndogo za Kijapani ziliingizwa zikiwa kabini na chesisi tu, kwa ushuru wa asilimia 4, kisha zikafungwa bodi baada ya kushushwa bandarini. Ford na Chevrolet wenyewe waliuza magari ya namna hiyo, yaliyoundwa na Mazda na Isuzu, kwa majina ya Courier na LUV. Mlango huo ulifungwa mwaka 1980. Subaru walipachika viti viwili vya plastiki ndani ya bodi ya gari lao la BRAT ili lihesabiwe kuwa la abiria. Miaka mingi baadaye Ford waliingiza kutoka Uturuki vigari vya Transit Connect vikiwa na viti vya nyuma, kisha vikang'olewa viti hivyo mara tu baada ya kupita forodhani. Shauri hilo lilimalizika mwaka 2024 kwa Ford kukubali kulipa dola milioni 365.

Ushuru wa kuku haukuamuru pikapu iwe kubwa. Ulichofanya ni kumwondolea mwenye pikapu kubwa mshindani wake. Pikapu ndogo ina faida ndogo kwa kila gari, na asilimia 25 huila faida hiyo yote. Wajapani walioamua kujenga viwanda ndani ya Marekani, kama Nissan huko Canton, Mississippi, na Toyota huko San Antonio, Texas, walivitumia kutengeneza pikapu kubwa, kwa kuwa ndiko faida ilikokuwa.

Mizani na misamaha

Ufa wa pili ulitokana na mafuta. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilisusia kuiuzia Marekani, na foleni ndefu zikaonekana kwenye vituo vya petroli. Desemba 1975 Rais Gerald Ford, ambaye hakuwa na udugu na kampuni yenye jina lake, alitia saini sheria iliyoweka viwango vya wastani wa matumizi ya mafuta kwa kila kampuni. Magari ya abiria yalitakiwa kufikia maili 18 kwa galoni mwaka 1978 na maili 27.5 mwaka 1985.

Magari mepesi ya mizigo yaliwekewa kipimo chao, kilicho chini zaidi. Hoja ilikuwa ya haki: mkulima anayebeba mbolea na fundi anayebeba mabomba wasiadhibiwe kwa sababu ya kazi yao. Lakini aliyepewa unafuu ni gari, si mkulima, na sheria haikuuliza nani analiendesha. Kati ya 1996 na 2004, kipimo cha magari ya mizigo kilikaa palepale, maili 20.7 kwa galoni. Yaliyozidi uzito wa pauni 8,500 pamoja na mzigo, takriban kilo 3,850, hayakuhesabiwa kabisa.

Mifano ya jinsi makampuni yalivyosoma sheria hizo ni mingi, miwili itatosha. Wa kwanza ni F-150 yenyewe. Ilizaliwa mwaka 1975, ikawekwa juu kidogo ya uzito wa pauni 6,000 pamoja na mzigo, kwa sababu kanuni mpya za moshi ziliwabana waliokuwa chini ya mstari huo. Kwa maneno mengine, jina maarufu kuliko yote katika historia ya pikapu lilizaliwa kwa kuvuka mstari wa sheria, tena kwa kuongeza uzito. Wa pili ni PT Cruiser ya Chrysler, kigari cha familia kilichotokea mwaka 2000. Sakafu yake ya nyuma ilisawazishwa na viti vikafanywa vya kung'oka, basi kikahesabiwa kuwa gari la mizigo na kuupandisha wastani wa kundi hilo.

Kodi nazo zilifuata mkondo huohuo. Kodi ya magari yanayobugia mafuta, iliyopitishwa mwaka 1978, haikuyagusa magari ya mizigo. Kodi ya anasa iliyoanza mwaka 1991 kwa magari yanayozidi dola 30,000 iliyaacha yale ya mizigo yanayozidi pauni 6,000. Sheria ya kodi ya biashara ilimruhusu mwenye kampuni kukata kwenye mapato yake sehemu kubwa ya gharama ya gari zito. Bunge lilipolalamikiwa mwaka 2004 na kupunguza unafuu huo kwa magari ya kifahari ya familia, pikapu zenye bodi ndefu ziliachwa. Hivyo daktari wa meno alipata sababu ya kikodi ya kununua gari la mchimba visima.

Pale kipimo kilipogeuka kichocheo

Mwanzoni mwa karne hii wataalamu waliiona kasoro hiyo na wakajaribu kuirekebisha. Badala ya kipimo kimoja kwa magari yote ya mizigo, kanuni za 2006, na kisha sheria ya 2007, zilileta hesabu ya eneo lililo kati ya magurudumu manne: urefu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, mara upana kutoka gurudumu hadi gurudumu. Gari lenye eneo kubwa lilipewa kipimo chepesi. Lenye eneo dogo, kigumu. Nia ilikuwa njema. Ilihofiwa kwamba kipimo kimoja kingewalazimisha watengenezaji kuuza magari madogo mno, na abiria wake wakaumia katika ajali.

Matokeo yake yalitabirika. Mhandisi aliyeshindwa kuifanya injini ipunguze mafuta aliweza kutanua gari na kushusha kipimo chake. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwa hesabu kwamba kanuni hiyo inachochea ukubwa. Pikapu ndogo ndiyo iliyoumia zaidi: ilitakiwa kufikia kipimo cha gari lenye eneo dogo ilhali ina umbo na kazi ya gari la mizigo. Desemba 2011 Ford walisimamisha utengenezaji wa Ranger ndogo nchini Marekani. Iliporudi mwaka 2019, ilikuwa kubwa kuliko mtangulizi wake.

Inafaa kukiri kwamba pikapu zimekua duniani kote. Toyota Hilux ya 1968 ilikuwa na urefu wa mita 4.2 hivi, dabo kebini ya leo inayoonekana Muscat au Arusha inazidi mita 5.3. Familia zimetaka viti vya nyuma, na kanuni za usalama zimeongeza chuma. Lakini hiyo Hilux, ambayo kwetu ni gari la wakubwa, ingeonekana ya wastani tu kando ya F-150 yenye milango minne na urefu wa karibu mita 5.9.

Kabini ikala bodi

Mabadiliko makubwa zaidi hayakuwa ya urefu bali ya mgawanyo wake. Kwa mfano wa 2001, Ford walitoa F-150 yenye milango minne kamili na bodi ya futi 5.5, yaani karibu mita 1.7. Mpangilio huo ukawa wa kawaida. Kabini ilipokea ngozi, skrini na vipoza viti, bodi ikafupika. Ule ubao wa plaiwudi wa futi 8 sasa hauwezi kulala ndani na mlango ukafungwa.

Hapa kirikuu cha Dar es Salaam kina la kusema. Suzuki Carry, kigari kilichoundwa kwa kanuni za Japani zinazoweka ukomo wa mita 3.4 kwa urefu na sentimita za ujazo 660 kwa injini, kina bodi inayokaribia mita 2. Kwa urefu wa bodi, kigari hicho kinaishinda pikapu inayokaribia kukizidi urefu maradufu. Uwezo wa kubeba uzito na wa kuvuta tela haulingani, na anayevuta farasi au boti ana haki ya kutaka injini kubwa. Ila anayebeba mbao, magodoro au maboksi ya sokoni hahitaji injini hiyo. Baadhi ya wakulima wa Marekani wameligundua hilo, wakaagiza vigari vya Kijapani vilivyokuukuu. Sheria ya 1988 inawalazimu wasubiri hadi gari litimize miaka 25, na hata hivyo baadhi ya majimbo, likiwemo Maine, yaliwahi kukataa kuvisajili kwa hoja ya usalama.

Kero za kila siku hutokana na mgawanyo huohuo. Kuta za bodi zimeinuka kiasi kwamba fundi hafikii chombo chake bila kupanda, na watengenezaji sasa huuza mlango wa nyuma wenye ngazi ndani yake. Nafasi za maegesho zilizopigwa mistari zamani hazitoshi. Bei, inayozidi kwa urahisi dola 50,000, imemfukuza kijana anayeanza ufundi wa bomba au bustani, akiwemo mhamiaji wetu. Ford walipotoa Maverick ndogo mwaka 2021 kwa bei ya kuanzia chini ya dola 20,000, maombi yalizidi uwezo wa kiwanda hadi wakasimamisha kupokea oda mpya Januari 2022. Gari hilo linatengenezwa Hermosillo, Mexico, ambako mkataba wa biashara wa Amerika Kaskazini uliliepusha na ushuru wa kuku. Kiu ya gari dogo ilikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni kisima.

Wanaolipa

Kero ya maegesho inavumilika. Kuna gharama isiyovumilika. Utafiti wa shirika la Consumer Reports wa 2021 ulionyesha kwamba boneti za magari ya aina hii zimeinuka kwa wastani wa asilimia 11 au zaidi tangu 2000, na kwamba pikapu mpya ziliongezeka uzito kwa asilimia 24 kati ya 2000 na 2018. Taasisi ya bima ya usalama barabarani, IIHS, iliripoti mwaka 2023 kwamba gari lenye boneti inayozidi inchi 40, yaani mita moja hivi, lina uwezekano wa takriban asilimia 45 zaidi wa kumuua mtembea kwa miguu linapomgonga, likilinganishwa na gari lenye boneti fupi iliyoinama. Sababu yake ni ya kimaumbile. Gari fupi humpiga mtu miguuni na kumlaza juu ya boneti. Gari refu humpiga kifuani au kichwani, kisha humwangusha chini ya magurudumu. Mtoto aliyesimama karibu mbele yake haonekani kabisa na dereva.

Mwaka 2009 watembea kwa miguu waliouawa Marekani walikuwa takriban 4,100. Mwaka 2022 walizidi 7,500. Pikapu si sababu pekee: barabara pana zisizo na vivuko, giza na simu vina sehemu yao. Lakini waliomo hatarini wanajulikana. Ni wale wanaokwenda kazini kwa miguu na mabasi, na miongoni mwao ni wengi wasomao lugha hii, waliowasili karibuni na ambao bado hawajanunua gari.

Mwenye gari dogo naye huingiwa na hofu, na hofu humfanya anunue kubwa. Mwanauchumi Michelle White, katika makala aliyoyachapisha mwaka 2004, aliuita mwenendo huo mashindano ya silaha barabarani, na kukadiria kwamba kwa kila ajali ya kifo ambayo waliomo ndani ya magari makubwa huiepuka, hutokea angalau ajali nyingine 4.3 za kifo kwa watu wengine. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hapa nyasi nazo zinajitahidi kuwa tembo.

Hitimisho

Umoja wa Ulaya uliweka kanuni za kumlinda mtembea kwa miguu dhidi ya umbo la mbele la gari mwaka 2003. Marekani ilipendekeza kanuni kama hiyo Septemba 2024. Wakati huohuo, Julai 2025, sheria mpya ilishusha hadi sifuri faini ya kampuni inayoshindwa kufikia vipimo vya mafuta. Mtu angeweza kudhani kwamba ufa ukikosa ukuta hauna kazi tena, na kwamba magari yatarudi kuwa madogo. Haielekei hivyo. Viwanda vimekwisha kupangwa kwa ajili ya gari kubwa, faida inategemea gari kubwa, na Ford walitangaza mwaka 2018 kwamba wangeachana na magari madogo ya saluni katika soko la Amerika Kaskazini. Nyufa zimezaa jengo linalosimama lenyewe.

Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Gharama ya ukuta huu haimwangukii aliyeacha ufa. Anayelipa ni fundi asiyepata gari la saizi ya kazi yake, na mtoto asiyeonekana mbele ya boneti. Mji wa Washington umeanza njia nyingine: tangu 2022 Baraza lake limepitisha ada ya usajili inayopanda kulingana na uzito, hadi dola 500 kwa mwaka kwa gari linalozidi pauni 6,000. Ni hatua ya mji mmoja, lakini mantiki yake ni kinyume cha ile ya miaka 60 iliyopita. Mstari uleule wa pauni 6,000 uliokuwa mlango wa msamaha sasa, katika mji huo, ni mlango wa malipo.